Kijana anataka pikipiki iongezwe nguvu? Mzazi, anza kwa kuuliza breki

WAZAZI wenye kijana anayeendesha bodaboda wanalijua ombi hili. Huja usiku baada ya chakula, wadogo zake wakishalala. "Mama, pikipiki imechoka, haivuti. Fundi kasema tukiiongeza nguvu hesabu itapanda." Baada ya hapo inatajwa fedha, na mara nyingi fedha yenyewe ipo sehemu moja tu, kwenye kikoba, ambako ilikuwa ikisubiri ada ya Januari.

Ukimkatalia, unajiona unamnyima riziki. Ukikubali, hujui umenunua nini, kwa sababu maneno yanayofuata ni ya gereji: bloku, ringi, tapeti, kabureta. Wengi hutoa fedha na kumwachia Mungu.

Ukurasa huu ni wa familia na afya, na kuna watakaouliza injini imefikaje hapa. Imefika kwa sababu uamuzi unaofanyika kwenye benchi la fundi huja kuonekana wodini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali za rufaa za mikoani zimepokea majeruhi wa bodaboda kwa miaka mingi sasa, na sehemu kubwa yao ni vijana wanaotegemewa nyumbani. Tunapowazungumzia tunataja mwendo kasi na ulevi. Hatutaji kwamba pikipiki yenyewe ilishabadilishwa ikawa kitu kingine, huku breki zake zikibaki zile zile.

Habari njema ni kwamba nguvu anayoitafuta kijana wako, kwa sehemu kubwa, ilikuwamo kwenye injini hiyo hiyo siku ilipotoka dukani. Imepotea njiani. Kuirudisha inawezekana, na kwa kawaida ni salama na nafuu kuliko kuongeza ambayo haikuwamo.

Kisa cha jirani yangu

Jirani yangu hapa Mbeya, mama anayeuza mchele Soweto, ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja jina. Mwanawe ana miaka 23. Pikipiki yao ni ya Kichina, ina miaka saba, na ndiyo inayomsomesha binti wa kidato cha pili. Mwaka jana ilianza kushindwa mlima wa Iwambi. Akitoka Mbalizi na abiria mmoja mwenye mzigo, kijana alilazimika kushuka hadi gia ya pili, huku wenzake wakimpita na kumpigia honi.

Fundi wa kwanza alimpa dawa ya vipande vitatu: afunge bloku ya 150, kabureta kubwa zaidi, na ekzosi itobolewe "ipumue". Kijana alirudi nyumbani akiwa ameshawishika kabisa. Mama yake akaomba wiki moja ya kufikiri, na katika wiki hiyo akaniuliza mimi, eti kwa kuwa ni mwandishi lazima najua watu. Nilikuwa sijui tapeti ni nini. Nilikaa siku mbili kwenye gereji ya fundi mwingine, mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za Honda za mabwana shamba, na mengi yaliyomo humu nimeyapata pale, kisha nikayalinganisha na vitabu vya matengenezo.

Tuanze na injini yenyewe. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 mitaani kwetu zimefuata muundo wa Honda CG 125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na matunzo ni haba. Ni injini ya silinda moja na mipigo minne. Pistoni inashuka inavuta hewa na petroli, inapanda inavibana, plagi inapiga cheche, mlipuko unaisukuma chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Nguvu yote inategemea hatua ile ya kubana. Kama hewa inavuja pembeni ya pistoni, au kupitia valvu isiyofunga sawasawa, mlipuko unakuwa mdogo. Hapo ndipo watu husema injini imechoka.

Yule mzee hakufungua chochote mwanzoni. Aliiwasha ikapata joto, akaizima, akatoa plagi, akafunga geji ya kupima mgandamizo kwenye tundu la plagi, akafungua resi hadi mwisho na kupiga kiki mara kadhaa. Akaandika namba kwa chaki ukutani. Kisha akamimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu lile na kupima tena. Namba ikapanda sana.

Jaribio hilo halichukui hata nusu saa, na mzazi yeyote anaweza kuomba lifanyike mbele yake. Oili ile huziba kwa muda nafasi iliyo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Namba ikipanda, ujue ringi au silinda imelika. Ikibaki pale pale, tatizo liko juu, kwenye valvu. Fundi anayetaka kukuuzia bloku mpya bila kupima kwanza ni sawa na daktari anayekuandikia dawa ya malaria bila kukutoboa kidole.

Kwa kijana wa jirani yangu ringi zilikuwa zimelika, na silinda ilikuwa na mikwaruzo. Sababu ilionekana mara tu kiti kilipoinuliwa. Kichujio cha hewa hakikuwapo. Kilikuwa kimetolewa makusudi karibu mwaka mzima nyuma, kwa ushauri wa kijiweni, ili injini "ivute hewa vizuri". Kweli ilivuta, ikavuta na vumbi la barabara za ndani kila siku. Vumbi likichanganyika na oili hufanya kazi ya msasa. Kwa maneno mengine, uchovu wa pikipiki ile ulianzia siku ilipoongezwa nguvu kwa mara ya kwanza.

Mbeya na hewa yake

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa Dar hawana haja ya kulijua, lakini wa huku juu wanapaswa. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inakula hewa. Kwa makadirio ya kawaida, injini isiyo na taabo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Pikipiki yenye nguvu farasi 11 pale Kariakoo inafika Mwanjelwa ikiwa na 9 na ushee, hata ikiwa mpya kabisa. Mzazi akilijua hilo hatamlaumu fundi kwa kosa la mlima.

Hewa inapopungua, kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huleta petroli nyingi kupita kiasi. Plagi inatoka nyeusi ya masizi, moshi wa ekzosi unawasha macho, mafuta yanaisha haraka, na nguvu inapungua zaidi. Dawa yake ni ndogo: ndani ya kabureta kuna kipande cha shaba chenye tundu, ambacho mafundi hukiita jeti. Hubadilishwa kikawekwa chenye tundu dogo kidogo. Ni kifaa cha bei ndogo na kazi ya muda mfupi, na tofauti inasikika siku hiyo hiyo.

Ila kuna tahadhari. Kijana anayeteremka Kyela mara kwa mara kufuata mpunga au kakao asipunguze jeti kupita kiasi. Kule chini karibu na Ziwa Nyasa hewa ni nzito, na petroli kidogo kwenye hewa nyingi huchemsha injini hadi valvu na pistoni kuungua. Fundi aambiwe njia ambazo pikipiki inapita, kama vile daktari anavyoambiwa kazi ya mgonjwa.

Hapa suala la afya linaingia moja kwa moja ndani ya nyumba. Injini inayopewa petroli nyingi kuliko hewa hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiuma, vijana wengi huvuta choki na kuwasha pikipiki ndani ya korido au sebuleni ilikolala kwa kuogopa wezi, wanaiacha iungurume ipate joto wakati wanakunywa chai. Mlango umefungwa, watoto wako chumba cha pili. Gesi hiyo hushika damu na kuzuia oksijeni isibebwe mwilini. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mama atadhani ni mafua au njaa. Watoto wadogo huathirika mapema kuliko wakubwa kwa sababu wanapumua kwa haraka zaidi.

Pikipiki isukumwe nje kwanza ndipo ipigwe kiki, hata mvua ikinyesha. Na ikilala ndani, koki ya mafuta ifungwe. Kabureta ya zamani huvujisha petroli usiku kucha tone kwa tone, na mvuke wake hutambaa chini sakafuni ukitafuta jiko la mkaa au mshumaa.

Nguvu iliyokwama njiani

Kuna nguvu nyingine inayopotea bila injini kuwa na kosa lolote. Ukimuuliza fundi maswali kadhaa ya aina hii atajua hujaja kutapeliwa. Je, gurudumu la nyuma linazunguka lenyewe likiinuliwa, au breki inashika muda wote? Cheni ni kavu na imekaza kama waya wa kuanikia nguo? Matairi yana upepo? Waya wa resi unafungua kabureta hadi mwisho, au umelegea na kijana anaendesha kwa robo tatu ya injini bila kujua?

Klachi ina dalili yake. Ukipiga resi mlimani injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki, sahani za klachi zimekwisha. Nimesikia watu wamebadilishiwa pistoni kwa tatizo hilo.

Tapeti nazo. Ni nafasi ndogo mno kati ya valvu na kinachoisukuma, kwenye injini hizi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na hupimwa injini ikiwa ya baridi. Vijana hupenda zisipige kelele, hivyo huzibana kabisa. Tapeti iliyobanwa haiachi valvu ifunge, moto unapita, valvu inaungua na mgandamizo unakwenda. Yule mzee alisema kelele kidogo za tapeti ni afadhali kuliko ukimya, na vitabu vinamuunga mkono.

Mafuta pia. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wanaochakachua kwa mafuta ya taa. Lakini petroli inayouzwa kwenye chupa za maji pembeni ya barabara haina wa kuipima. Injini inayogonga kama kokoto ikipanda mlima, siku moja tu baada ya kujaza mafuta ya chupa, haihitaji fundi. Na wale akina baba mnaomwambia kijana achanganye oili kwenye petroli, hiyo ilikuwa ya zile pikipiki za zamani za mipigo miwili. Kwenye hizi za sasa inaleta masizi tu.

Kama kila kitu kiko sawa na bado mlima unashinda, kuna mbinu moja ninayoweza kuipendekeza kwa mzazi bila wasiwasi, nayo ni sproketi. Ikiwa ile ya mbele ina meno 15, ukafunga ya meno 14, gurudumu la nyuma linapata mvuto wa ziada wa asilimia 7 katika kila gia. Injini haijaguswa. Mwendo wa mwisho kwenye tambarare unapungua, kwa hiyo kijana anapata anachokihitaji mlimani na kukosa kile ambacho mama hakitaki. Kwenye tambarare ndefu italia zaidi na kula mafuta kidogo zaidi. Kwa anayefanya kazi Iwambi, Isyesye au njia za kupanda Loleza, ni biashara nzuri.

Bloku ya 150 ina nini ndani yake

Turudi kwenye pendekezo la fundi wa kwanza, maana halikuwa uongo. Pistoni ya CG 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5, ndipo inapopatikana 124 na kitu za ujazo. Ukifunga bloku yenye pistoni ya milimita 62, ujazo unafika kama 149. Hilo ni ongezeko la asilimia 20, na kijana atalisikia mgongoni.

Tofautisha hilo na kuchonga silinda iliyolika kwa saizi moja, yaani nusu milimita. Hapo ujazo unapanda kwa takriban 2 tu. Fundi akikuambia kuchonga kumeongeza "sisi", anakutania. Kazi ya kuchonga ni kurudisha mgandamizo uliopotea, na hiyo inatosha.

Asilimia 20 zile zina gharama ambazo hazitajwi gerejini. Mara nyingi mdomo wa injini chini ya bloku unapaswa kutanuliwa ili silinda kubwa iingie, na ukishatanuliwa haurudi. Beringi za chini, klachi na gia zilitengenezwa kwa nguvu ya mwanzo. Kadi ya pikipiki inaonyesha ujazo wa 125. Siku ya ajali kampuni ya bima ina haki ya kuuliza kwa nini injini haifanani na kadi, na mzazi ndiye jina lake limo kwenye kadi.

Kubwa kuliko hayo ni breki. Pikipiki hizi nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma, na hakuna anayebadilisha breki anapobadilisha bloku. Fikiria kijana aliyezoea kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa sheria kwenye maeneo ya makazi, sasa anakwenda 70. Kwa hesabu ya haraka ameongeza kidogo tu. Lakini umbali wa kusimama hauendi hivyo. Nguvu inayopaswa kumezwa na breki hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 50 hadi 70, umbali tangu breki zishike hadi gurudumu kusimama unakaribia kuwa mara mbili, na hiyo ni kwa breki nzima, lami kavu, abiria mmoja. Hata kabla hajagusa breki, katika sekunde moja ya kushtuka, kwenye 50 ameshapita mita 14 na kwenye 70 ameshapita 19. Mita tano hizo ndizo upana wa mtoto anayekimbilia mpira na mwenzake anayemfuata.

Sasa ongeza mshikaki. Ongeza mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka nyuma ya lori. Dramu ikishikwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto na kuanza kuteleza. Kijana anaweza kufundishwa kuteremka kwa gia ndogo na kuiacha injini imshikilie, lakini hilo linataka awe na injini nzima na kichwa kilichotulia, na ukimpa nguvu mpya wiki hiyo hiyo usitegemee kichwa kitulie.

Ndiyo maana jirani yangu alipoamua kutoa fedha ya kikoba aliweka utaratibu wake, na mimi nauona ni wa busara. Viatu vya breki vya mbele na nyuma vilibadilishwa kwanza, kabla bolti moja ya injini haijalegezwa. Kisha tairi la nyuma, lililokuwa limebaki kipara. Kilichobaki ndicho kikaenda kwenye injini: silinda ilichongwa, ikaingia pistoni na ringi mpya za saizi yake, valvu zikasagwa, tapeti zikapimwa, kichujio cha hewa kikarudishwa mahali pake. Alidai pia arudishiwe vipuri vyote vya zamani kwenye mfuko. Fundi alinuna kidogo. Lakini ukishaiona ringi ya zamani kwa macho, unakuwa na uhakika kwamba imetolewa kweli.

Kijana alinung'unika kuhusu breki. Alisema abiria hawapandi breki.

Ekzosi na masikio

Pendekezo la tatu, la kutoboa ekzosi, nililiona ndilo baya kuliko yote, ingawa ndilo la bei rahisi. Ekzosi ya injini ndogo imepimwa iendane na kabureta yake. Ukiitoboa bila kugusa kingine, uwiano wa hewa na petroli unavurugika, na mara nyingi nguvu ya mwendo mdogo, ile ya kuondokea mlimani, inapungua. Kinachoongezeka ni mlio, na mlio hudanganya. Kila mtu akisikia kishindo anaamini inakimbia.

Kwa wataalamu wa afya kazini, kiwango cha kelele kinachovumilika kwa saa nane ni desibeli 85. Kelele ikifika 100, muda salama unashuka hadi dakika 15. Pikipiki isiyo na kizuia sauti hufika huko bila shida, na bodaboda hukaa juu yake kutwa nzima, siku sita au saba kwa wiki. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mzazi ataona kijana anaongeza sauti ya redio, anasema "eeh?" kila ukimwita, analalamika masikio yanapiga filimbi usiku. Wengi hudhani ni dharau za ujana.

Na asiyesikia vizuri hasikii honi ya lori nyuma yake.

Mtoto mchanga wa jirani hana pa kukimbilia, wala mgonjwa wa presha anayeshtuliwa saa kumi alfajiri. Kama ekzosi imeshatobolewa, irudishwe ya aina yake. Kama ni nzima lakini imeziba kwa masizi, isafishwe. Kuziba kweli kunapunguza nguvu, na kuisafisha ni kazi ya fundi yeyote.

Kuhusu kofia ngumu sitarefusha, mmeshaambiwa sana. Nitasema hili tu: Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa kofia bora iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa zaidi ya mara sita, na ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la kushika ni iliyofungwa. Kofia inayoning'inia kwenye usukani ikisubiri trafiki atokee haijamsaidia mtu. Ikiwa fedha ya kikoba inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, kati ya bloku na kofia mbili nzuri, ya dereva na ya abiria, mimi ningenunua kofia.

Wiki ya kwanza baada ya gereji

Kuna sehemu moja ambayo wazazi hawaambiwi, na ndiyo inayoharibu kazi nzuri ya fundi. Ringi mpya na silinda iliyochongwa vinahitaji muda wa kuzoeana. Kilomita 500 za mwanzo pikipiki iendeshwe kwa upole: isipigwe resi hadi mwisho, isikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, isibebe gunia la mchele wala mshikaki, isilazimishwe mlima kwa gia kubwa. Ikiharakishwa, injini hupata joto kupita kiasi, ringi hazikai, na moshi wa bluu unarudi kabla ya miezi michache kupita.

Kwa bodaboda anayezunguka kilomita 100 kwa siku, hizo ni siku tano. Katika siku hizo hesabu ya kawaida haipatikani. Mzazi anayeidai kama kawaida anamsukuma kijana aende Mbalizi na abiria wawili siku ya pili. Jirani yangu alisamehe hesabu ya wiki nzima na kumwambia mwanawe abebe wanafunzi na wamama wa sokoni, safari fupi za tambarare, atakachopata kiwe cha mafuta na chakula chake.

Ilipofika kilomita 500 oili ilimwagwa ikiwa ya moto, kwa sababu ile ya kwanza hutoka na unga wa chuma wa ringi mpya, ikawekwa nyingine. Fundi akaseti tena tapeti asubuhi injini ikiwa baridi, akakaza bolti za kichwa cha silinda, akaangalia kama breki bado zinashika. Siku iliyofuata kijana alipanda Iwambi na abiria na mzigo wake kwa gia ya tatu. Mama yake alimuuliza kuhusu kuteremka.